Kondoo Kumi na Saba wa Ngazija

Mpendwa Ami,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ni wewe uliyenifunza kwamba mtoto haanzi maneno na mkubwa bila kumwamkia, kwa hiyo nimekuamkia kwanza.

Nakuandikia nikiwa dukani, Mtaa wa Narung'ombe, nimekalia kiti chako. Nje kelele za Kariakoo ni zile zile, mtu na mkokoteni wake anatukana mtu na pikipiki yake. Barua hii siifungi. Nikimaliza naibandika hapa mlangoni, halafu naipiga picha naitupa kwenye grupu la ukoo, waisome wote. Utaona kwa nini.

Ijumaa iliyopita, watu wametoka msikitini, Mzee Kombo muuza kamba aliingia kununua dawa ya minyoo ya mbuzi wake. Akaanza kukusifia kama kawaida yake. Akasema hapa mjini hajatokea mtu wa kukufikia kwa kuchagua kondoo. Halafu akatikisa kichwa. "Sema tu maskini mikono ilimwisha mapema. Wale kondoo wa Ngazija ndio waliomvunja." Na mimi, Ami, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Ndiyo mzee, uzee huo." Yaani nilisema hivyo huku nampa chenji. Alipotoka nikateremsha mlango wa duka saa kumi alasiri, mimi ambaye siku ya mafuriko nilifungua. Nikakaa gizani na magunia ya chumvi ya ng'ombe nikalia mpaka kifua kikauma.

Nilikuja kwako nina miaka saba, baba yangu, ndugu yako, alipofariki. Kila mtu alidhani utaniacha uani Magomeni nijifunze kukuna nazi. Mama Nassor mwenyewe, mke wako, alikuwa ameshaninunulia kibao cha mbuzi. Wewe ukanichukua Jumamosi ya kwanza tu ukanipeleka zizini Pugu, gauni langu la Idi likaishia kwenye samadi. Tuliporudi mama Nassor akapiga kelele, "Saidi, huyu ni mtoto wa kike!" Ukamjibu, "Ana vidole kumi, nimemhesabu." Nilicheka sana siku ile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba.

Wengine walikuwa wanaangalia kondoo. Wewe ulikuwa unawashika. Ulikaa kwenye kigoda chako, msuli umeufunga juu ya magoti, unaletewa mmoja mmoja. Kidole mdomoni kwanza, ujue kama meno ya mbele yameshabadilika. Kisha unapitisha kiganja mbele ya macho yake uone kama anakwepa. Kisha masikio, kuanzia shinani hadi nchani, kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha miguu yote minne, na mwisho unaupima ule mkia wao mnene wa mafuta. Akiwa mzima unasema, "Huyu." Asipokuwa mzima unasema, "Huyu wa bucha." Hukuwahi kusema neno la tatu. Mimi nilisimama kulia kwako na bakuli la hina iliyokorogwa kwa ndimu, na kila "huyu" nilimpaka mabegani, pale manyoya yalipo meupe, maana vichwani ni weusi na hina isingeonekana.

Nilikuuliza kwa nini unahangaika hivyo na masikio, kondoo si nyama tu? Ukanieleza kwamba hawa ni wa udhiya, watu wa Ngazija huko Komoro wanawachinja Idi Kubwa kwa ajili ya Mungu, na mnyama wa udhiya hatakiwi kuwa na kilema. "Sikio likiwa na tundu si neno. Likipasuka si neno. Lakini likipungua nyama, hata kipande kama ukucha, huyo si wa Mungu tena." Ukalichukua sikio langu ukalivuta kidogo. "Lako limetimia, utafaa." Kha! Nikakimbia.

Na ndiyo maana ulikuwa na mapatano yako na Mzee Chiwanga, mfugaji wetu wa kule Dodoma. Wagogo wana alama zao za mifugo, na alama ya nyumba ya Chiwanga ni kukata ncha ya sikio la kulia, kila mwanakondoo akikaribia kuacha kunyonya. Asingeweza kuacha kuwakata, angejuaje wake porini? Basi mkakubaliana: wale atakaokutengea hatawakata, atawafunga kamba nyekundu shingoni. Nakumbuka wakishuka kwenye Fuso pale Pugu, kundi zima limevaa kamba nyekundu, na wewe unazipapasa shingo zao unatabasamu. Mlielewana miaka yote bila karatasi. Hina yako nayo ilifanya kazi hivyo hivyo ng'ambo ya pili. Mzee Abdou, mnunuzi wako Moroni, alikuwa akiona hina mabegani hakagui tena. Anawagawia watu wake, basi.

Macho yako yalipoingia ukungu, ukakataa upasuaji. Ulisema utaenda Upanga hospitali siku ya kwenda na jeneza. Tukakubembeleza, wapi! Uliendelea na kazi, kwa sababu kazi yako haikuwa ya macho. Mimi nikachukua simu, vibali, magari, bandari. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimetoka kuachika, na kila jamaa aliyepita dukani alikuwa na lake la kunipa. Nassor wako alikuwa akinitania, "Bi Kondoo, umepata mchumba au bado unaswaga?" Nilikuwa nacheka na wenzangu huku ndani nawaka. Nilitaka waone. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, Ami, katika huko kutaka kwangu waone.

Mzee Abdou alipopiga mwaka ule aliuliza, mia na hamsini kama kawaida? Nikamjibu, "Mia mbili. Tunaweza." Wala sikukuuliza. Nilipokuambia uligeuza uso kwangu ukasema, "Umewashika?"

"Nitawashika, Ami."

"Haya, Bi Mkubwa," ukasema, ukacheka. Hukunipinga. Laiti ungenipinga! Samahani, nimeanza tena kutafuta wa kumtwisha.

Mzee Chiwanga aliniambia wazi kwenye simu. "Binti, wa kamba nyekundu sina wa kutosha. Nikiongeza, nitaongeza waliokatwa. Ami yako anajua." Nikamwambia lete tu, nitachagua mwenyewe. Wakaja. Daktari wa mifugo akawaona, akatoa kibali, yeye kazi yake ni magonjwa, habari za sikio hazimhusu. Meli ilikuwa inapakia kesho yake asubuhi.

Ulikaa kwenye kigoda tangu jua linachomoza. Huyu. Huyu. Huyu wa bucha. Ilipokaribia adhuhuri wa mwisho alikuwa amepita mkononi mwako, na mimi nilikuwa nimehesabu mia na themanini na watatu. Wale wa bucha walikuwa kwenye zizi dogo karibu na geti, wazima wa afya, wanene, wanatafuna, hawana hili wala lile, kasoro ncha ya sikio tu. Ukasema, "Ngoja nikaswali." Nikakushika mkono hadi kwenye bomba, nikakumiminia maji ya udhu, nikakutandikia mkeka. Nilikupanga vizuri kuelekea kibla. Kisha nikarudi, nikachukua bakuli la hina, nikaingia zizi dogo, nikapaka kondoo kumi na saba.

Najua neno kwa neno nilichojiambia. Nilijiambia ni kasikio tu. Nilijiambia nani atainua sikio siku ya Idi, watu wana njaa, wana wageni? Nilijiambia Mungu hapimi kwa rula. Wewe ulikuwa hatua ishirini kutoka kwangu umesujudu.

Ulipomaliza ukauliza, "Wangapi?"

"Mia mbili, Ami."

"Kamili?"

"Kamili."

Ukapapasa ukingo wa mkeka. "Nilidhani leo nimewakataa wengi."

"Hukukataa wengi," nikasema. Ukainua mikono ukaomba dua, ukasema maashaallah, mwaka wa baraka. Nikaitikia amina kwa sauti. Wallahi niliitikia.

Siku ya tatu baada ya Idi simu ikaita hapa hapa dukani. Nikaiweka spika, kama ulivyopenda. Mzee Abdou hakusalimia kwa mbwembwe zake. Alisema, "Shehe Saidi, nimeaibika." Akasimulia taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kuvuta. Imamu wa kijijini kwao ametoka kuswalisha, kisu mkononi, kondoo amelazwa, akashika kichwa kumwelekeza kibla na kidole chake kikakuta sikio limepungua. Akasimama. Wakaenda kwa jirani, sikio limepungua. Kondoo kumi na saba, familia kumi na saba, na mjini hakuna tena mnyama wa kununua. Kina mama waliokuwa wamebandika sufuria wakaepua. Mzee mmoja alikuwa amekusanyia udhiya ile mwaka mzima, akakaa kibarazani na kanzu yake mpya hataki kusema na mtu. "Na hina yako ilikuwepo, Saidi. Mabegani. Niliiona mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nakumbuka nilikuwa bado sijamimina.

Hukuuliza swali hata moja. Hukumlaumu Chiwanga, hukulaumu gari, hukusema labda walichanganyika bandarini. Ulivikunjua vidole vyako ukavielekeza usoni, ingawa ulikuwa huvioni. Ukasema, "Aliyewashika ni mimi. Hakuna mwingine. Waambie watu wako, waambie na imamu, kwamba kosa ni la mikono ya Saidi."

Nilikuwa na nafasi pale pale. Nikajiambia nitamwambia jioni, tukiwa wawili. Jioni ikaja, mama Nassor akawa anakukanda mabega, nikasema kesho. Kesho yake nikakuta umeshawatangazia watu barazani kwamba umeachia kazi, mikono imezeeka, na mimi nikaona ah, sasa imeshakuwa, nikisema nitaongeza moto tu. Basi. Ndivyo nilivyokaa kimya miaka miwili. Hakikuwa kimya kikubwa kimoja, kilikuwa cha kila siku, na kila asubuhi nilikianza upya.

Wengine hawakuona kilichokupata, mimi niliona. Mwaka uliofuata ulimpelekea Mzee Abdou kondoo kumi na saba wa fidia, na ukamwita mtu wa Vingunguti aje akuchagulie. Wewe ulikaa pembeni, mikono umeifungia ndani ya msuli. Mtu yule alikuwa hovyo! Alishika masikio kama anashika kuponi. Nikataka kupiga kelele. Ukasema, "Mwache, yeye anaona."

Halafu machungwa. Ulikuwa ukiingia soko la Kariakoo wauza machungwa wanalalamika, kwa sababu unachagua kwa kupapasa na unaacha mabovu yote yamebaki. Baada ya Ngazija ukawa unasimama tu mbele ya fungu unamwambia muuzaji, "Nichagulie wewe." Wakakupa mabovu, ukayaleta nyumbani, ukayala. Asubuhi ulimwita mama Nassor akufunge vifungo vya kanzu. Kahawa ukaacha kujimiminia. Mikono iliyokuwa inamjua kondoo ana mimba ya wiki ngapi, ukaacha kuiamini hata kwenye kifungo, na mimi ndiye niliyekuwa nakufunga kile cha juu, kile cha shingoni, nakutazama usoni kwa karibu na wewe hunioni. Nikisema roho iliniuma naona haya, kwa sababu roho iliniuma na bado sikusema.

Jumapili hii nimempigia Mzee Abdou. Nimemweleza yote, tangu simu ya Chiwanga hadi zizi dogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo Idi mbili sikumpigia, kwa ghadhabu, na hakuwa na kosa." Akalia, Ami, mzee mzima analia kwenye simu. Mwisho akasema, "Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Lakini kondoo usiniletee tena." Nikamjibu sawa. Sikujitetea. Nilitaka kujitetea, unanijua, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno.

Nassor nilimwambia ana kwa ana, uani Magomeni. Aliweka kikombe chini akaondoka na chai haijaisha. Mpaka leo hajaniongelesha. Mama Nassor alisema tu, "Nilikuwa namfunga vifungo, Zuwena." Akaingia ndani.

Mzee Chiwanga bado. Kesho.

Ningeweza kuishia hapo na barua ingetosha kwa watu wa mlangoni. Lakini kuna moja ambalo sijamwambia yeyote, na hili ndilo lililonikalisha kwenye kiti chako.

Siku zile za mwisho, Upanga, wodini. Hukwenda kwa macho, ulikwenda kwa ugonjwa wa moyo, na ulikuwa umekonda hata pete imetoka. Nilikuletea uji mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mama Nassor alikuwa ametoka kuswali, Nassor alikuwa dirisha la dawa. Tulikuwa wawili, nafasi ile ile niliyokuwa naisubiri miaka miwili. Ukakataa kijiko. Ukaniambia, "Mwana, kaa hapa. Nikuulize jambo." Nikakaa.

"Wale wa Ngazija. Sikio la Chiwanga nalijua kama jina langu. Hivi kweli mikono yangu iliyapita masikio yale?"

Uliuliza kwa upole, Ami. Hukuniuliza nilifanya nini. Ulinifungulia mlango ukasimama pembeni nipite. Na mimi nikaangalia uji, nikaukoroga, nikasema, "Mimi nilikuwa nashika hina tu, Ami. Ulisema huyu, nikapaka."

Ukashusha pumzi ndefu, mwili wote ukalegea kwenye mto. Nilidhani umezidiwa. Kumbe ulikuwa unatabasamu. Ukautafuta mkono wangu, ukaushika, ukasema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa ni wewe."

Hukuniuliza tena. Siku nne baadaye tulikuzika.

Ami, ni mimi. Masikio yale uliyashika yote kumi na saba, na yote uliyakataa.

Mwana wa ndugu yako,
Zuwena